Flashi ya Honorata

Nyabenda hakuwa na picha. Ile ya kitambulisho alisema ni ya serikali, haihesabiki. Nyingine zote alizopigwa na wajukuu pale nyumbani kwake Mwandiga zilitoa ukuta vizuri, mto vizuri, hata kikombe cha chai pembeni vizuri, lakini mahali pa uso wake palikuwa na ukungu mtupu. Alikuwa anatetemeka. Mtetemo ulianzia mkono wa kulia, ukapanda begani, ukafika kidevuni, na vidonge vya hospitali vilimsaidia mwanzoni, kisha mwili ukavizoea. Halafu akaanguka uani, nyonga ikavunjika, na tangu hapo akawa mtu wa kitandani, katika chumba cha ndani chenye kidirisha ambacho hata paka hukipita kwa shida.

Asije mtu akadhani alikuwa mnyonge. Kitandani pale aliiendesha nyumba nzima: alijua nani amechelewa kurudi, nani ameunguza maharage, na kuku wa nani ametagia kwa jirani. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshinda kukipata, naye alikisema waziwazi kwa kila aliyeketi kando yake. Alitaka picha ya yeye na dada yake mkubwa, wawili pamoja, na sura zote mbili zionekane.

Dada huyo aliitwa Barutwanayo. Walivuka ziwa pamoja wakiwa wasichana, mwaka wa vurugu kule Burundi, wakafika upande huu bila mtu mwingine wa kumwita ndugu. Nyabenda akaolewa na Muha wa Mwandiga. Barutwanayo akaolewa na mkimbizi mwenzake, na amani iliporudi akarudi kwao na mumewe. Tangu hapo wakawa sauti za simu tu, tena simu zenyewe za kukatikakatika. Sasa, masika yakiwa yamekolea, Barutwanayo alikuwa ameteremka kutoka kwenye boti pale Kibirizi akiwa na kibali cha siku chache, na siku hizo zilikuwa zinaisha leo. Boti ya kurudi ingeondoka alasiri. Kwa umri wao na kwa ile nyonga, kila mtu mle ndani alijua kwamba huenda hawataonana tena, na kwa kuwa wote walijua, hakuna aliyelisema.

Feliksi, mjukuu mwenye simu kali kuliko wote, alikuwa amejaribu tangu mgeni aingie. Simu yake ilikuwa na uwezo wa kupiga picha gizani, ila ilimtaka anayepigwa atulie tuli wakati yenyewe inakusanya mwanga taratibu. Kumwambia Nyabenda atulie tuli ilikuwa kama kuiambia mvua ingoje. Barutwanayo alitoka safi, kila kunyanzi mahali pake. Pembeni yake akatoka mtu wa moshi.

"Bibi, jikaze kidogo tu," Feliksi alisema.

"Nijikaze vipi? Wewe ungejikaza kukua?" Nyabenda alijibu, kwa sababu Feliksi alikuwa mfupi na alichukia kukumbushwa.

Walijaribu kuwasha tochi. Tochi ya simu ni mwanga wa kutafutia ndala chini ya kitanda. Haimsaidii mtu anayetetemeka. Kumtoa nje haikuwezekana, maana mvua haikuwa imepumzika tangu juzi, na nyonga ile ukiigusa tu, Nyabenda alilia machozi. Ndipo Barutwanayo alipouliza, kwa Kirundi chake cha polepole, kama si katika nyumba hii hii alimokulia yule msichana anayetengeneza simu.

Alikuwa anamsema Honorata. Mama yake Honorata, binti wa Nyabenda, alikwenda Dar kutafuta maisha, akamwacha kwa Nyabenda kwa wiki chache zilizogeuka kuwa utoto mzima. Sasa alikuwa na meza yake ya ufundi Gungu, ndani ya kibanda alichoshirikiana na Hamdani, fundi wa siku nyingi mzaliwa wa Ujiji. Honorata alikuwa na mikono mizuri na subira fupi. Salamu za bibi yake, zile za kushikana mikono na kuulizana habari za shamba, za mifugo na za marehemu, zilimchosha tangu akiwa mdogo. Alizoea kutupa "Shikamoo" mlangoni na kupitiliza, na Nyabenda alizoea kumrudisha: "Hujanisalimia, umenipita tu."

Lakini alimpenda bibi yule kuliko mtu yeyote aliye hai, na picha ile aliitaka kuliko hata mwenye nayo. Aliogopa sana siku moja atabaki na kumbukumbu ya mtu aliyemlea, asiwe na sura yake mahali popote.

Kwa hiyo alikuwa ameshaanza kazi kabla hajaulizwa. Alijua tatizo liko wapi. Mtetemo huushinda mwanga mdogo, kwa sababu mwanga mdogo unahitaji muda, na ndani ya muda huo kidevu kinakuwa kimeshahama. Dawa yake ni mwanga mkali mno unaowaka na kuzimika kabla mwili haujapata nafasi ya kusogea. Ila flashi ya simu hainyweshwi moto wa umeme wa kutosha. Betri, hasa kuukuu kama ya Honorata, ukiidai moto mwingi kwa mkupuo inasalimu amri na simu inazima palepale. Hamdani alikuwa na kamera mbovu iliyong'olewa kwenye kioo cha lori, na ndani yake mlikuwa na kapasita mbili nene, zile wanazoziita superkapasita.

"Hizi hazina tabia za betri," Hamdani alimwambia, akizipindua kiganjani. "Betri inatunza sana lakini inatoa kwa mkono wa birika. Hii inatunza kidogo, ila ukiiomba, inakupa chote kwa mara moja."

Honorata aliziunganisha, akazifunga mgongoni mwa simu yake pamoja na taa nne za LED, akaweka katikati kijisakiti cha kusimamia mambo. Kazi za kijisakiti zilikuwa mbili. Kwanza, kuchota moto kwenye betri kidogokidogo, na betri ikionekana kulegea, kupunguza zaidi, ili simu isizime. Pili, kuzuia flashi isitoke mpaka kapasita zijae. Taa ndogo kama punje ya ulezi ingekaa nyekundu wakati wa kujaza, na ingegeuka kijani zikishajaa. Hamdani alimwonya juu ya jambo moja. Kulikuwa na vituo viwili kwenye bodi ambavyo, ukivigusanisha kwa ncha ya kisu, unamruka msimamizi na kuchota moja kwa moja kwenye betri. Honorata alishakijaribu kitendo hicho pale mezani, simu ikazima, ikachukua muda mrefu kuamka, na ilipoamka ilitaka chaja kwanza.

"Usirudie," Hamdani alisema. Alikuwa anamjua mwenzake.

Siku ya mwisho ya mgeni, Honorata alifika Mwandiga mapema, amelowa hadi magoti, simu ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu mvua ianze, na pawabenki ya Feliksi ilikuwa imelala tangu jana. Hilo halikumsumbua sana. Betri alikuwa ameijaza Gungu, na picha aliyoitaka ilikuwa moja tu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe angelifanya yeyote wa nyumba ile. Kwao jambo kubwa huwekwa mwisho. Chakula huanza kwa watoto ili watosheke na kuwaacha wakubwa wale kwa utulivu. Maombi huanza kwa wadogo. Na picha na mgeni lazima ianzie chini ipande kwa umri. Mtu hawezi kusimama na mgeni kabla wadogo zake hawajasimama naye. Kwa hiyo alipotoa simu na flashi ya kwanza kupiga, chumba kizima kikawa cheupe pee, watoto wakapiga kelele, na Feliksi, aliyekuwa amejiandaa kucheka, akasema "Aisee!" bila kupenda. Baada ya hapo kila mtu akataka. Watoto wakapigwa na mgeni. Feliksi akapigwa na mgeni, kisha akaomba arudie kwa sababu alifumba macho. Jirani aliyekuja kuazima chumvi akapigwa na mgeni. Melania, mama yake Feliksi, akaenda kubadilisha kitenge kwanza, akarudi, akapigwa.

Baada ya kila picha taa nyekundu ilikawia zaidi kugeuka kijani. Honorata aliliona hilo, na fundi aliye ndani yake alimnong'oneza. Lakini ungemkataliaje mke wa mjomba aliyekwisha vaa hereni?

Ilipofika zamu ya wakubwa, mjomba mwenyewe, Leonardi, alikuwa ameshaleta bajaji mlangoni. Barutwanayo aliketi ukingoni mwa kitanda, Nyabenda akainuliwa kwa mito, wote wakatazama mbele kwa uso wa watu wanaoapishwa. Honorata akabonyeza.

Hakikutokea kitu.

Taa ilikuwa nyekundu. Akaangalia betri. Ilikuwa imebaki chaji kidogo ya kuzimia. Msimamizi alikuwa ameona betri imelegea na alikuwa anachota kwa tone moja moja, kama alivyoagizwa na Honorata mwenyewe.

"Fundi, vipi? Imekula chumvi ya jirani?" Feliksi aliuliza.

"Kaa kimya, Feliksi."

Nje Leonardi akapiga honi. Bajaji yake ilikuwa na honi ya kuamsha wafu, naye aliipenda. "Mama mkubwa, tuondoke!" aliita. "Barabara ya kushukia Kibirizi ni tope tupu, na boti haimngoji mtu!"

Honorata alijua kisu kiko wapi, mfukoni mwa koti lake. Angeweza kuvigusanisha vile vituo viwili. Labda betri ingetoa moto wa kutosha mara moja, labda. Na kama isingetoa, simu ingezima, umeme haupo, na bibi yake angemwona dada yake akitoka mlangoni bila chochote cha kubaki nacho. Alikitoa kisu. Alikifungua. Hakuna aliyemwona ila Nyabenda, ambaye siku zote aliona kila kitu.

"Mwananje, mwanangu," Nyabenda alisema, "unataka kuchinja simu?"

"Inakawia kujaa, Bibi. Na muda hakuna."

"Basi iache ijae. Sisi tunaagana."

Basi wakaanza kuagana, na anayejua kuagana kwa watu wale anajua kwamba ni salamu iliyoanza upya kutoka mwanzo. Barutwanayo alimshika mdogo wake mikono yote miwili, akawa anampigapiga taratibu kwenye kiwiko, na Nyabenda naye akimpigapiga, mkono ukiruka ovyo lakini ukifika.

"Amasho," alisema Barutwanayo, akimtakia makundi ya ng'ombe.

"Amashongore," alijibu Nyabenda, akimtakia makundi makubwa zaidi. Kati yao hapakuwa na aliyewahi kumiliki hata ndama.

Wakaulizana habari za nyumbani kana kwamba hawakuwa wamelala chumba kimoja. Wakaulizana maharage yameota vipi. Wakaulizana mmoja mmoja wa watoto, kwa majina, na kila jina likajibiwa. Leonardi aliingia ndani, maji yakimchuruzika kofiani, akasimama kizingitini. "Jamani, mama zangu, fupisheni! Salamu hizo mtamalizia kwenye simu!"

Maneno hayo yalikuwa ya Honorata. Maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiyasema katika nyumba ile: fupisheni, semeni haraka, tuondoke. Aliyasikia sasa yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, akaona aibu, aibu ya kweli iliyompanda masikioni. Alikitazama kitaa chekundu, akawatazama wale bibi wawili, akakifunga kisu.

"Mjomba, waache," alisema.

"Boti, Honorata!"

"Mjomba, naomba. Waache wamalize. Wasiruke hata moja."

Leonardi alimtazama mpwa wake mwenye subira fupi kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha, kwa sababu alikuwa mtoto wa Nyabenda na kulia kulikuwa kumemkaa karibu tangu asubuhi, alivua kofia, akaketi juu ya gunia la mahindi.

Wale wawili walikuwa wamefika kwa marehemu. Walimtaja mama yao. Walimtaja baba, na kaka aliyebaki upande ule wa ziwa usiku ule walipovuka wao, ambaye jina lake Honorata hakuwahi kulisikia likitamkwa na bibi yake. Nyabenda alipolitamka, kidevu kilimtetemeka kuliko kawaida, na safari hii haukuwa ugonjwa. Barutwanayo aliacha kumpigapiga. Aliuchukua ule mkono wa kulia, mkorofi kuliko viungo vyote, akauweka kwenye shavu lake na kuufunika kwa wake. Wakainamiana mpaka vipaji vya nyuso vikagusana. Walikuwa wamesahau simu, na mvua, na watu waliojaa chumbani.

Taa ikawa kijani.

Honorata hakusema "moja, mbili, tatu". Hakuwaambia watazame huku. Alibana pumzi na kubonyeza.

Mwanga ulipiga mara moja tu, chumba kikawa cheupe hadi kwenye tando za buibui darini, kisha giza likarudi zito kuliko mwanzo. Barutwanayo alipepesa macho. Nyabenda alisema neno moja la Kirundi ambalo hapa halitaandikwa, na watoto waliolielewa wakaangua kicheko.

"Imetoka?" Melania aliuliza.

Honorata aliogopa kutazama. Alitazama. Kwanza aliona kunyanzi, kunyanzi za watu wawili, kila moja mahali pake. Aliona macho ya bibi yake yaliyofumbwa nusu, kope zake, chozi lililokuwa limefika katikati ya pua na kusimama hapo hapo. Aliona kovu dogo la nyusi ambalo alilijua kwa kidole tangu utotoni na hakuwahi kuliona kwenye picha yoyote. Aliitikia kwa kichwa huku analia mbele ya Feliksi. Feliksi, bila utani safari hii, alichukua simu yake mwenyewe, akaomba atumiwe picha haraka kabla betri haijakata, na ikatumwa: kwake, kwa Leonardi, na kwa mjukuu wa Barutwanayo kule ng'ambo.

Kisha Honorata akapiga magoti kando ya kitanda na kuwaonyesha wenyewe.

Barutwanayo alicheka kwa kujiona mzee namna ile. Nyabenda hakucheka. Aliitazama kwa muda mrefu, uso ukiwa karibu kabisa na kioo, na alipozungumza alizungumza polepole.

"Huu ni mkono wangu?"

"Ni wako, Bibi."

"Umetulia."

Leonardi, aliyekwisha simama na kushika begi la mgeni, alibaki amelishika hewani. Hapakuwa na mtu aliyefikiria jambo hilo. Walikuwa wanatafuta uso, na uso waliupata. Ila Nyabenda alikuwa ameuona mkono wake umelala kwenye shavu la dada yake, vidole vyote vitano vimenyooka, kama ulivyokuwa kabla ya ugonjwa.

"Umetulia kwa sababu niliushika," alisema Barutwanayo.

Honorata alikuwa fundi, na fundi hawezi kujizuia. "Ni mwanga, Bibi mkubwa," alisema, akifuta pua kwa mkono wa koti. "Ni mkali na mfupi sana. Unawaka na kuzimika kabla mkono haujapata nafasi ya kusogea. Zile kapasita zinajazwa polepole, halafu zinatoa chote kwa pamoja, kwa hiyo mtetemo unakuwa hauna muda wa..."

"Sawa, mwananje," Nyabenda alimkatiza. "Mambo ya mwanga ni yako, umeyaweza, Mungu akubariki. Lakini mkono ni wangu, na aliyeushika namjua."

Honorata alimpa simu aishike mwenyewe, na Nyabenda akaipokea kwa mikono yote miwili, simu ikawa inaruka na kucheza kwenye viganja vyake, na ndani yake ile picha imetulia.